Ramadhani, Siku ya 20: Toba ya Mara ya Nne



Wazee wangu, mama zangu, ndugu na vijana wa kundi letu, alhamdulillah tumefika ishirini. Leo jua likizama tunaingia kumi la mwisho. Wale wa itikafu wafike msikitini kabla ya Maghrib, na kila mtu aje na shuka lake jamani, mwaka jana mnakumbuka tulivyogombania mikeka. Na kwa kuwa nimetaja mikeka, leo nina habari ya mkeka wa aina nyingine. Ni ndefu kidogo kuliko kawaida yetu. Ukiwa kazini iache, usome ukitulia.

Juzi usiku, baada ya tarawehe, ndugu yetu mmoja aliniandikia pembeni, sio humu kwenye kundi. Nimemwomba ruhusa niyaseme, akaniruhusu, na nimeondoa yote yanayoweza kumtambulisha. Kwa hiyo tafadhali tusianze kukisia ni nani. Anaswali safu moja na mimi na wewe, hiyo inatosha.

Ndugu huyu anabeti. Alianza na shilingi 500, kama wengi wanavyoanza, kwa sababu 500 si kitu. Hukumu ya kamari hatuna haja ya kuijadili hapa. Suratul Maaida, aya ya 90 na 91, zimeitaja sambamba na ulevi, na yeye mwenyewe haijadili. Anasema kila mwaka, usiku mwezi unapoandama, anafuta programu zote za kubeti kwenye simu. Analia kwenye tarawehe. Anaapa. Mwezi mzima hagusi. Idd mosi salama, Idd pili salama. Halafu Jumamosi moja, kijiweni, mtu anamwonyesha mkeka uliompa laki tatu, na usiku uleule yumo. Mwaka wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, wa tatu hivyo. Safari hii, wiki mbili kabla ya Ramadhani, alibetia ada ya muhula ya mwanawe. Mkeka ukachanika. Mke wake anajua ada imelipwa. Shule zinafunguliwa baada ya Idd.

Lakini swali lake halikuwa la ada. Aliniambia hivi: Shekhe, mwaka huu nimeshindwa kunyanyua mikono. Nikisema Yaa Rabbi sitarudia, najiona mwongo, kwa sababu najijua. Je, si bora ninyamaze kuliko kumdanganya Mungu kwa mara ya nne?

Nami nilijibu nini? Ilikuwa saa tano na nusu usiku, nimechoka, nikaandika: Usikate tamaa ndugu yangu, mtegemee Mungu. Nikaweka na alama ya mikono ya dua. Nikazima simu nikalala.

Nilipoamka kula daku nikakuta amejibu. Maneno machache tu: Shukran shekhe. Lakini kumtegemea ndiko kufanya nini?

Wallahi nilikaa na kijiko mkononi. Maana ile "mtegemee Mungu" yangu ilikuwa kama mtu anayemfungia mwenzake mlango kwa adabu. Maneno ni ya kweli kabisa, na mimi niliyatumia ili nipate kulala. Hebu leo tujaribu kumjibu vizuri zaidi, na wewe unayesoma huku ukisema alhamdulillah mimi sibeti, weka hapo kile unachokijua wewe na Mola wako. Kila mtu ana mkeka wake. Wangu mimi ni ulimi. Ikifika saa kumi na moja jioni na saumu yangu kifuani, waulize watoto wangu.

Sasa, njaa. Muda huu unaosoma una njaa, isipokuwa kama una udhuru. Alfajiri ulikula, pengine wali na maharage, pengine uji na viazi, ukanywa maji mpaka tumbo likawa ngoma. Na sasa njaa imerudi ileile. Je, umesema daku ile ilikuwa ya uongo? Umesema, mimi nimekula miaka arobaini na bado nasikia njaa, basi kula hakunifai, bora niache? Hakuna anayesema hivyo. Tunajua mwili ulivyo. Unalishwa, unaisha, unalishwa tena, na hatumwonei Mungu haya kumwomba chakula cha leo eti kwa sababu jana alitupa.

Katika hadithi qudsi aliyoipokea Abu Dharr (r.a.), iliyomo katika Sahihi Muslim, Mwenyezi Mungu anawaeleza waja wake kwamba wote wamepotea ila aliyemwongoza, basi wamwombe uongofu. Halafu, kwamba wote wana njaa ila aliyemlisha, wamwombe chakula. Kisha mavazi, vivyo hivyo. Kisha anataja kwamba wanakosea usiku na mchana naye ndiye anayesamehe, wamwombe msamaha. Tazama uongofu umewekwa pamoja na nini: pamoja na chakula na nguo. Vitu vinavyoisha na kuchakaa, vinavyoombwa tena.

Sisi tunaufikiria uongofu kama cheti cha kuzaliwa. Ukishapewa umepewa, unakifungia kabatini, na siku ukikipoteza ni aibu. Lakini hesabu rakaa za faradhi: mbili, nne, nne, tatu, nne. Ni 17 kwa siku, na katika kila moja, ndani ya Faatiha, tunamwambia Mola kwamba kwake tu tunaomba msaada, halafu hapohapo tunaomba kuongozwa njia iliyonyooka. Mara 17, na anayeomba ni mtu aliyekwisha kusimama kwenye sala! Mtu aliyetia udhu, ameelekea kibla, bado anaambiwa omba uongozwe. Kwa hiyo ndugu yetu anapoona aibu kurudi mara ya nne, mimi namwambia hesabu yake ina kasoro. Amekwisharudi maelfu. Nne ni zile alizozihesabu yeye kwa sababu alilia.

Hilo ndilo la kwanza katika kumtegemea: kukubali kwamba udhaifu wako si ajali iliyokupata mwaka juzi. Ndivyo ulivyoumbwa, kama ulivyoumbwa na tumbo.

Lakini tusimkimbie swali lake gumu. Alisema najiona mwongo. Masharti ya toba tumeyasoma tangu madrasa: uache, ujute, uazimie kutorudia, na kama kuna haki ya mtu uirudishe. Yeye amekwama kwenye la tatu. Anasema, nitaazimiaje kutorudia wakati nina ushahidi wa miaka mitatu kwamba nitarudia?

Nadhani hapa anachanganya kuazimia na kutabiri, na wengi tunavichanganya. Nahodha anayetoka Tanga kwenda Pemba anaelekeza omo Pemba. Anajua upepo unaweza kugeuka, anajua mkondo wa maji, na pengine mara mbili zilizopita alirudishwa na bahari akalala Tanga. Akikuambia naenda Pemba, ni mwongo? Hapana. Omo limeelekea huko na usukani ameushika. Angekuwa mwongo kama angeelekeza omo Pemba mchana tuone, huku moyoni amepanga usiku kugeuza. Kuazimia ni kazi ya usukani. Yatakayotokea bahari ikichafuka, hayo ni elimu ya Mwenyezi Mungu, na hakuna aliyekuomba uyajue.

Kwa hiyo jipime kwa usukani, sio kwa utabiri. Ukisema sitarudia na ile programu ya simu hujaifuta, umeificha tu kwenye kurasa za mwisho ukisubiri mwezi uandame, hapo kweli unacheza na Mungu. Ukisema sitarudia, na umefuta, na moyo unauma, na unaogopa nafsi yako, wewe si mwongo hata kidogo. Tena ile hofu ndiyo inayokufaa, usiiondoe.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) habari ya mja aliyefanya dhambi akaomba msamaha akasamehewa, akarudia akaomba akasamehewa, akarudia tena. Na sababu inayotajwa ya kusamehewa ni kwamba mja huyu amejua anaye Mola anayesamehe dhambi na anayeadhibu kwa ajili yake. Yote mawili, anasamehe na anaadhibu. Imam An-Nawawi, aliyeisherehesha Sahihi Muslim, anasema hata mara mia, hata mara elfu, madhali kila mara anatubu, toba yake inakubaliwa. Najua wapo watakaoichukua hadithi hii kama leseni, ya kwamba nikosee tu nitaomba. Lakini mwenye leseni hajuti, na asiyejuta bado hajatubu hata mara moja, achilia mbali elfu.

Naomba turudi kwenye vile viapo vyake vya kila mwaka. Wallahi sitabeti tena. Mimi nilimuuliza: uliposema hivyo ulisema inshallah? Akasema hapana shekhe, nilitaka niwe na uhakika, inshallah inalegeza.

Astaghfirullah, na wa kulaumiwa ni sisi. Tumeichafua neno hili mpaka limegeuka maana. Fundi cherehani akikuambia kanzu itakuwa tayari Jumanne inshallah, wewe unajua Idd hii utaswali na kanzu ya mwaka jana. Mtu akialikwa kikao hataki kwenda, anasema inshallah. Limekuwa neno la kukataa kwa upole. Ndiyo maana mtu anayetaka kuwa mkweli analiepuka! Ilhali Suratul Kahf, aya ya 23 na 24, Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe anafundishwa asiseme kwamba kesho atafanya jambo bila kulifungamanisha na atakavyo Mungu. Sitabeti tena inshallah, ikisemwa sawasawa, ni nzito kuliko wallahi sitabeti tena. Ile ya pili ina mtu mmoja ndani yake, yule yule aliyeanguka mara tatu. Ya kwanza ina mwingine, na huyo hachoki wala halali.

Na hapa ndipo ninapoona kisa cha Ramadhani na Shawwal.

Siku tatu zilizopita tulizungumza habari za Badr, tarehe 17 Ramadhani mwaka wa 2 Hijria. Waislamu mia tatu na kumi na kidogo, mbele ya watu karibu elfu moja. Mnakumbuka Mtume (s.a.w.) alivyonyanyua mikono kumwomba Mola wake mpaka shuka likamdondoka mabegani, Abu Bakr (r.a.) akaja akamrudishia. Ushindi ukaja. Miaka sita baadaye, Ramadhani ya mwaka wa 8, Makka ikafunguka. Watu walioingia na Mtume walikuwa kama elfu kumi. Sasa fuata kalenda. Ramadhani ileile inakwisha, inaingia Shawwal, jeshi linatoka kwenda Hunayn, na safari hii wapo kama elfu kumi na mbili. Hawajawahi kuwa wengi namna hiyo. Wakafurahia wingi wao. Suratu Tawba, aya ya 25, inawakumbusha siku ile: wingi haukuwafaa kitu, ardhi pamoja na upana wake ikawa finyu kwao, wakageuka kukimbia. Wengine miongoni mwao walikuwepo Badr! Mtume (s.a.w.) akathibiti na wachache, watu wakaitwa wakarejea, utulivu ukateremshwa, na mwisho ushindi ukapatikana. Lakini alfajiri ile bondeni, mishale ilipoanza, elfu kumi na mbili walitawanyika.

Sisemi aya ilishuka kwa ajili ya watu wa kubeti. Nasema mwenendo wa nafsi ndio uleule. Ndugu yetu usiku wa mwezi mosi Ramadhani ni mtu wa Badr. Hana kitu, anajua hana kitu, analia. Mungu anampa siku thelathini safi. Kufikia siku ya thelathini anazitazama zile siku na kuzihesabu, na taratibu anaanza kudhani ni za kwake. Nimeweza. Kumbe naweza. Shawwal inamkuta na elfu kumi na mbili moyoni, hana haja tena ya kulia, wala ya kuamka usiku, wala ya kumkwepa mtu kijiweni. Atamkwepa wa nini wakati ameshapona?

Ndiyo maana hatukuanguka Ramadhani tulipokuwa dhaifu, tukaanguka baada ya Idd tulipokuwa na nguvu. Kama leo, siku ya 20, unajisikia uko vizuri, furahi na umshukuru Mungu, lakini uogope kidogo. Mtume (s.a.w.), katika dua iliyopokewa na Abu Daud, aliomba asiachiwe nafsi yake hata kwa kupepesa jicho. Yeye, hata kupepesa jicho. Sisi tunataka kuachiwa kuanzia Idd mosi hadi Shaabani!

Haya. Kumtegemea ndiko kufanya nini? Mimi nikitafuta mtu wa kutuonyesha kwa vitendo, namwona Nabii Yusuf (a.s.).

Kijana, ugenini, hakuna anayemjua, mwenye nyumba hayupo, na anayemtaka ndiye mwenye amri juu yake. Milango imefungwa, Qur'ani imelitaja hilo kabisa. Anafanya nini? Aya ya 25: anakimbilia mlango. Mlango aliouona ukifungwa! Hakusema, umefungwa, nitakaa hapa nimtegemee Mungu. Wala hakukaa kumwelimisha yule bibi kwa kirefu, kuonyesha imani yake ilivyo imara ndani ya chumba kilekile. Alikimbia, kanzu ikachanika kwa nyuma. Miguu yake ilifika mpaka pale miguu inapoweza kufika, yaani kwenye kitasa. Upande wa pili wa mlango hakuwa na uwezo nao, na ndipo mwenye nyumba akakutwa amesimama.

Halafu, aya ya 33. Wanawake wa mjini wamejumuika, shinikizo limekuwa kubwa zaidi, na Yusuf anamwambia Mola wake kwamba gereza analipenda kuliko anachoitiwa, na kwamba Mungu asipomwepusha na vitimbi vyao, ataelekea kwao. Rudia hapo. Nabii, mwana wa Nabii, mjukuu wa Nabii, kitukuu cha Ibrahim (a.s.), anasema usiponiepusha nitateleza. Hajisifu kwamba alishawahi kukimbia mara moja akashinda. Ana ushahidi wa ushindi, na hautegemei. Ndugu yetu ana ushahidi wa kushindwa, na anautegemea huo! Wote wawili wangeweza kuitegemea historia yao, na mmoja tu aliiacha.

Na dua ya Yusuf ilijibiwa. Alijibiwa kwa jela. Nalitaja hili kwa sababu tukisema mtegemee Mungu tunamfanya mtu asubiri wepesi, amani moyoni, hamu kuondoka kama kuzima taa. Mara nyingine jibu ni hasara. Unapoteza genge lako la Jumamosi, unaonekana umejitenga, unakuwa mtu mzima usiyeshika pesa yako mwenyewe. Hiyo ndiyo jela yako, na ndani yake umehifadhiwa.

Nikamweleza ndugu yetu hivyo jana baada ya Alasiri, tukakaa barazani. Tukazungumza habari za kitasa, yaani mpaka wapi miguu yake inaweza kufika. Yeye alishaamua atauza simu kubwa anunue kitochi. Nikacheka, nikamwambia vijana wenyewe wameniambia hata kitochi kinabeti, unabonyeza nyota na namba na reli, kwisha. Tatizo si simu, ni pesa kuwa mkononi mwako usiku. Basi mshahara uende kwa mama watoto siku ileile unapoingia, ubaki na nauli. Na kijiwe kile ukiache. Hapo akanyamaza, maana marafiki zake wote wako pale. Nikamkumbusha yule mtu katika hadithi ya Bukhari na Muslim, aliyeua watu 99, kisha akaua wa mia, akataka kutubu. Mwanachuoni alimwambia mlango wa toba uko wazi, lakini hakuishia hapo. Alimwambia uhame mji wako, nenda mji fulani kuna watu wanaomwabudu Mungu, uabudu pamoja nao, wala usirudi kwenu. Akatoka, akafa njiani. Hakufika! Akapimwa njia, akakutwa karibu na kule anakokwenda kwa shubiri moja, akasamehewa. Shubiri moja tu, ndugu zangu.

Kisha tukafika kwenye ada, na hapo ndipo palipokuwa pagumu, kwake na kwangu. Maana dini yetu inatufundisha kusitiri dhambi zetu, mtu asitangaze alichositiriwa na Mola wake. Na yeye aliishika hiyo kwa mikono miwili: shekhe, si natakiwa nijisitiri? Mimi si mufti, nikamwomba anisubiri, nikamuuliza imamu wetu. Jibu la imamu lilikuwa fupi: dhambi aisitiri, pengo la ada aliseme. Halazimiki kumhadithia mkewe kila mkeka wa kila usiku. Lakini mtoto ana haki ya kusoma, mama ana haki ya kujua kwamba pesa haipo ili wahangaike wawili, na kumwacha akiamini imelipwa ni uongo mpya unaozaliwa kila asubuhi. Huwezi kumwomba Mungu akutoe kwenye jambo huku unalilisha kwa mkono wa pili.

Kwa hiyo ndugu yetu aliyeuliza kumtegemea Mungu ni kufanya nini, kwa wiki hii jibu lake ni sentensi moja ya kumwambia mkewe. Huo ndio mlango uliofungwa mbele yake. Kitu gani kiko upande wa pili, kilio, ugomvi, wakwe kuitwa, au huruma ambayo hakuitarajia, yeye hakijui na mimi sikijui.

Neno moja kwetu sisi wengine, na nitalisema haraka kwa sababu linaniuma. Tunawaita watu Waislamu wa Ramadhani. Tunasema hao, ngoja Idd ipite, hutawaona. Wakati wa Mtume (s.a.w.) kulikuwa na mtu aliyeletwa mara kwa mara kwa kosa la ulevi, na mmoja wa waliokuwepo akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume akamkataza, akaeleza kwamba mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Imo katika Bukhari. Aliadhibiwa, ndiyo. Lakini upendo wake haukufutwa. Sasa sisi wa safu ya mbele, ukiacha kuwasema vijana hawa, tumewapa nini Jumamosi jioni kuanzia Ishaa hadi saa tano? Baraza la msikiti tunalifunga saa tatu kamili kwa kufuli. Kijiwe hakifungwi. Nimelipeleka kwa kamati, wanasema watalitazama baada ya Idd. Nami nawaambia baada ya Idd ndio wakati wenyewe.

Ndugu yetu amenipa ruhusa niseme na hili la mwisho. Mpaka asubuhi ya leo bado hajamwambia mkewe. Ameniandikia kwamba atamwambia usiku huu, wakirudi kutoka tarawehe, inshallah. Nikamuuliza, inshallah ya fundi cherehani au ile ya Suratul Kahf? Amenitumia kicheko, halafu baada ya dakika kama kumi akaandika: ile ya Kahf. Niombeeni.

Basi mkishika tende zenu Maghrib, kabla hamjafungua, mwekeni kwenye dua. Jina lake Mungu analijua.

Wabillaahi tawfiq.